Bei ya Kiangazi

Wiki nzima mmenisumbua. Mama mmoja amenisimamisha sokoni Kibuye, kapu mkononi, akitaka kujua kama Calvince alimpiga yule mwanamume au hakumpiga. Nikamwambia asubiri gazeti kama wenzake.

Haya, gazeti ndilo hili. Turudi Luanda Kotieno, pale feri ya Mbita inapopakia watu, kwenye stoo ya nyuma ya hoteli ya Nasike. Calvince amesukuma mlango kwa bega. Ndani yumo mkewe Nasike, na pamoja naye yumo Wekesa, muuza maziwa ya unga kutoka Kisumu. Wekesa hana shati.

"Toka," Calvince alisema.

"Ngoja nivae kwanza," Wekesa akajibu.

Katika majibu yote ambayo mwanamume angeweza kutoa saa ile, hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Calvince alimrukia akamkaba shingo. Nasike akajipenyeza katikati yao, akamsukuma mumewe kifuani, na viganja vyake vikaacha alama nyeupe kwenye shati lake.

"Gunia imepasuka," Nasike alisema. "Tazama chini, Calvince. Alikuwa ameibeba, ikapasuka, unga yote ikamwagikia mgongo. Hiyo shati nimemwambia mimi mwenyewe avue, tuikung'ute."

Calvince alitazama chini. Gunia lilikuwa limelala ubavu, na sakafu ilikuwa nyeupe hadi mlangoni. Mgongo wa Wekesa ulikuwa mweupe kuanzia kisogoni hadi kiunoni. Mtu mwenye akili zake angeona hapo ajali ya gunia. Lakini mwenye wivu huona anachotaka, na Calvince aliona maziwa ya mpinzani wake.

Kwa wale mlioanza kusoma leo, niwape upesi. Calvince ni Mluo wa Uyoma, na kazi yake ni kuuza maziwa ya ng'ombe. Asubuhi huyapokea kwa wafugaji huko Awasi, huyaleta mjini Kisumu, na huyauza kwa mitungi mtaani Kaloleni. Hujisifu kwamba hakuna nyumba Kaloleni isiyomjua. Wiki nzima yuko huko; kwa mkewe ziwani hufika Jumapili. Sasa hebu fikiria: mke wa mtu kama huyo anapika chai kwa maziwa ya unga, tena ya mwanamume mwingine.

Na mwanamume mwenyewe si mtu baki. Wekesa na Nasike wametoka kijiji kimoja Bungoma. Kabla Calvince hajatokea, Wekesa alikuwa ameshatuma wazee wakaongee na babake Nasike. Mpaka leo wakikutana wanaongea Kibukusu, na Calvince hajui Kibukusu zaidi ya salamu. Wakicheka, yeye huamini anachekwa.

Nasike alikuwa ameshamweleza mara nyingi. Maziwa yake yakipanda gari kutoka Kisumu hadi huku ziwani, na jua hili, yanafika yameganda kuwa mala.

"Niwapikie watu wa feri chai ya mala?" huwa anamuuliza. Swali hilo humzidishia Calvince hasira.

Basi pale stooni aliachilia shingo ya Wekesa, lakini hakuachilia neno lake.

"Nieleze kitu moja," alisema. "Kiangazi hii yote, maziwa imepanda. Nyasi hakuna, ng'ombe imebaki mifupa. Mimi nimepandisha mpaka watu wananinunia kanisani. Lakini chai ya hapa haijapanda. Nimeuliza, nikaambiwa wewe unamuuzia unga na bei ya zamani. Mwanamume gani anauzia mwanamke na bei ya zamani wakati kama huu, bila sababu?"

Nikubali kwamba hoja hiyo ilikuwa na mashiko. Hata mimi nilipofika hapo niliweka kalamu chini kidogo.

Wekesa alivaa shati, akafunga vifungo vyote, hata kile cha shingoni.

"Bwana Calvince," alisema, "maziwa yako iko na haraka. Imekamuliwa leo, lazima inywewe leo, kesho imeharibika. Kwa hivyo nyasi ikikauka leo, bei yako inapanda leo. Yangu haina haraka. Hii unga ilikaushwa wakati wa mvua ya mwaka jana. Si unakumbuka ile mvua? Watu wa Awasi walikuwa wanakubembeleza uchukue maziwa. Kiwanda ilinunua ikiwa rahisi, ikakausha, ikaweka kwa godauni. Mimi ninauza mvua ya mwaka jana ndani ya kiangazi ya mwaka huu."

"Na ukipandisha nani atakushika?"

"Hakuna. Lakini mwenzangu wa duka ya pili ako na unga ile ile. Nikipandisha leo, wateja wote wanaenda kwake. Ngoja hii stoku iishe. Ile ya kiangazi ikifika, hapo mimi nitalia na wewe utacheka."

"Uongo."

"Piga simu. Dolphine wa Kaloleni, jirani yako, ako na hoteli na ananunua kwangu. Muulize yeye analipa ngapi."

Calvince alipiga papo hapo, akaweka sauti ya nje ili Nasike asikie huyo Wekesa wake akiumbuliwa. Dolphine alipokea akiwa katikati ya kelele za sahani.

"Unga? Bei ni ile ile tangu mwaka jana," alisema. "Kwani kuna nini? Wewe ukishusha yako ndio nitarudi kwako, Calvince. Hiyo bei yako ya sasa kunywa na bibi yako."

Simu ikakatika. Nasike alikuwa ameuma mdomo ili asicheke, na Wekesa alikuwa anaangalia dari.

Sitawachosha na maelezo ya aibu ile. Calvince alichukua ufagio akazoa unga mwenyewe. Kisha akaketi mbele, kwenye benchi la wateja, akaletewa chai ya maziwa ya unga akanywa. Ilikuwa tamu, na hilo lilimuuma.

"Nisamehe," alimwambia mkewe.

"Sitaki kusamehe kila mwezi," Nasike alisema. "Miaka yote hii niko kwako na nyumbani hawajaona hata kwato. Baba ananiuliza mimi ni bibi ya mtu ama ni mgeni wa mtu. Ulinunua hizo ng'ombe za mahari, halafu juzi ukaapa mbele ya watu hazitafika Bungoma. Sasa?"

"Zitafika. Mvua ikinyesha, zinenepe kidogo, nazipeleka."

"Zisipofika, mimi nitarudi mwenyewe. Na sitarudi tena huku."

Alisema hivyo bila hasira, akiwa anapanga vikombe, na Calvince akajua kwamba safari hii ni kweli. Ng'ombe wenyewe walikuwa nyumbani Uyoma kwa mama yake, wakikonda kwa kukosa majani.

Aliyekuwa ameketi pembeni akisikia haya yote ni Opiyo, mdogo wake Calvince, kitinda mimba wa mama yao. Opiyo hupanga magari kwenye feri. Chai yake ya asubuhi na ya jioni ni kwa Nasike, na humwita "chiwa", yaani mke wetu, kama Mluo yeyote anavyomwita mke wa kaka yake. Hata mchungaji akisikia hageuzi shingo.

Opiyo ndiye aliyemwambia Calvince kwanza amwangalie yule Mbukusu. Calvince alimshukuru sana kwa kuwa na macho.

Basi mvua ikaja, na ilikuja kwa fujo. Majani yakatoka hadi kando ya lami. Ng'ombe wa Awasi wakajaa maziwa, na wale wafugaji waliokuwa wakimringia Calvince wakati wa kiangazi sasa wakawa wanamsubiri barabarani, kila mmoja na mtungi wake, wakimwita Baba na Mzee na majina mengine matamu.

Bei ikaanguka. Calvince akashusha mara ya kwanza, akashusha tena, na bado mitungi ikarudi nyumbani haijaisha. Mengine akayafanya mala, na mala nayo ikakosa wanunuzi kwa sababu kila mtu Kaloleni alikuwa na mala. Mfuko ukawa mwepesi.

Lakini kwa mkewe kulikuwa na raha ambayo hakuizoea. Kila Jumapili akienda Luanda Kotieno, Nasike alimpokea begi mlangoni. Alimwekea samaki mzima, ngege mnene, ilhali wateja wengine wakila vipande. Siku moja aliegemeza kichwa begani kwake mbele ya watu wa feri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata walipokuwa wachumba. Calvince akaamini kwamba ni kwa sababu ya wale ng'ombe wa mahari. Akapanga safari ya Bungoma iwe Jumamosi, akakodi lori la Robinson, akamwambia Opiyo kwamba yeye ndiye atakayeswaga ng'ombe.

"Jumamosi iko karibu sana," Opiyo alisema. "Haraka ya nini?"

Kufikia Alhamisi, Calvince alikuwa na moyo mweupe kiasi kwamba aliingia dukani kwa Wekesa, hapo Kibuye, kumsalimu. Alitaka pia kumuuliza kama kile kiwanda kinaweza kupokea maziwa yake yaliyobaki. Alimkuta Dolphine kwenye kaunta, amepandisha sauti.

"Yaani maziwa inamwagwa Awasi, na wewe wiki zote hizi ndio unanipandishia unga?"

"Mama, hii ni stoku mpya," Wekesa alikuwa akisema. "Ilikaushwa kiangazi. Kiwanda ilitafuta maziwa kwa shida, ikanunua ghali, na mimi nikanunua kwao ghali. Ile ya mvua ya sasa bado hata haijakauka. Nilikuambia mapema."

"Na kila mtu analipa hivyo?"

"Kila mtu. Mwenzangu pia amepandisha, uliza."

Dolphine aligeuka akamwona Calvince. "Kesho niletee mtungi mbili," alimwambia. "Nimerudi kwako."

Hapo ndipo mtu wa maziwa ya ng'ombe alipopaswa kucheka. Wekesa mwenyewe alikuwa ameahidi siku hiyo itakuja, na sasa imekuja. Calvince alianza kutabasamu. Kisha tabasamu likakwama.

Jumapili iliyopita alikuwa amemuuliza Nasike, kwa mazungumzo tu, unga sasa ananunua ngapi. Nasike alisema ile ile. Na chai haijapanda.

Kila mtu amepandishiwa. Nasike hajapandishiwa.

Wekesa, akiwa anamfungia Dolphine mzigo, alimkonyeza Calvince. "Ya Nasike usijali," alisema kwa sauti ya chini. "Imeshughulikiwa kama kawaida. Hiyo ni siri ya sisi wanaume."

Msomaji wangu, mtu akikuambia hivyo utafanya nini? Calvince alitoka dukani bila kuaga. Alisimama barabarani kwenye matope, watu wakimpita, wala hakujua anaelekea wapi. Alikuwa ameomba msamaha. Alikuwa amefagia sakafu ya mwizi wake. Na alichofundishwa na Wekesa stooni ndicho sasa kilimshtaki Wekesa: kama unga hufuata bei ya siku ulipokaushwa, basi hakuna unga wa bei ya zamani tena Kisumu nzima, ila ule unaotolewa kwa mapenzi.

Sasa akaelewa na ule ngege mzima. Mwanamke anayekosea nyumbani huzidisha upole. Alijiambia hivyo, akajiona mwerevu sana.

Alimpigia Robinson. "Hiyo lori ya Jumamosi wacha," alisema.

"Kuna nini, omera? Wakwe wamekataa?"

"Mimi ndio nimekataa."

Akaacha mitungi kwa jirani, akapanda gari la kwanza. Alipofika Luanda Kotieno, feri ilikuwa imetia nanga na Opiyo alikuwa akielekeza lori la mchanga lirudi nyuma. Alimwona kaka yake akija, akaliacha lori hilo lirudi lenyewe.

"Mbona leo?" aliuliza. "Leo si Jumapili."

"Ulisema kweli. Anampa unga na bei ya zamani."

"Nani?"

"Wekesa. Bei imepanda kwa kila mtu, isipokuwa kwa bibi yangu. Na ameniambia mbele ya uso. Eti imeshughulikiwa."

Opiyo alitazama ziwa, akatazama hoteli.

"Amekuambia hivyo tu?"

"Unataka aniambie nini zaidi?"

"Hapana. Inatosha." Opiyo alimshika bega. "Sikia, ndugu yangu. Usiingie huko ukiwa hivi. Rudi mjini. Ng'ombe ziache zizalie nyumbani. Kama anataka kwenda kwao, aende kwa amani. Hakuna haja ya kumuuliza maswali."

Ushauri mzuri, ungesema. Lakini Calvince alikuwa ameshauondoa ule mkono begani na kuanza kutembea.

Nasike alikuwa anakanda unga wa chapati. Alimwona mumewe akatabasamu, na lile tabasamu lilimchoma Calvince kuliko tusi.

"Unga ya Wekesa," alisema, "unanunua ngapi?"

"Si nilikuambia? Ile ile."

"Dolphine analipa zaidi."

"Najua."

"Unajua."

"Kila mtu analipa zaidi. Najua, Calvince. Mimi si mtoto."

Hakuficha wala hakushtuka. Calvince alitafuta mahali pa kushika, akashika ukingo wa meza.

"Basi nitajie kwa mdomo wako," alisema. "Nani analipa hiyo ya juu?"

Nasike alipangusa mikono kwenye aproni, akafunga kidirisha cha kutolea chai ili wateja wasisikie. Alipogeuka, macho yalikuwa yamelowa.

"Lazima nitaje?" aliuliza. "Opiyo alinikataza. Alisema nikikushukuru utaona aibu. Mtu wa maziwa ya ng'ombe, jina lako lote Kaloleni, halafu watu wajue unanunulia bibi yako unga kwa Wekesa. Akaniambia, chiwa, nyamaza tu, mwonyeshe kwa njia ingine. Basi nimenyamaza. Nimekuonyesha na samaki."

Calvince aliachia ukingo wa meza.

"Na nilikuwa nashangaa unatoa wapi," Nasike aliendelea. "Maziwa yako imeanguka, mala hainunuliwi, viatu vyako mwenyewe vinaingiza maji. Nikasema, huyu mwanamume anajinyima kwa sababu yangu, na mimi nilimtishia na Bungoma. Nimelia hapa peke yangu, Calvince, kwa furaha."

Alisogea karibu, akamtazama vizuri usoni, na kitu fulani kikapungua kwenye uso wake mwenyewe.

"Si ni wewe?" aliuliza.

Hapo wivu wa Calvince uliacha duka la Kibuye, ukamwacha Wekesa na kaunta yake, ukashuka mbio hadi kwenye feri. Chai ya asubuhi na chai ya jioni. Macho makali yaliyomwona Mbukusu. Haraka ya nini. Hakuna haja ya kumuuliza maswali. Wekesa maskini naye alikuwa ameambiwa hadithi ile ile, kwamba pesa inatoka kwa Calvince, ndiyo maana akakonyeza. Calvince alikuwa akimtafuta mwizi Kisumu, na mtu wake alikuwa hapa, kwenye benchi, kila siku, akiita chai.

Majibu yalikuwa mawili tu. Akisema si yeye, atakuwa amempa Opiyo samaki wote, na machozi yote, na kile kichwa kilichoegemea begani. Mkewe atageuka atazame kule ferini na atajiuliza ni mwanamume gani anampenda hivyo bila kutaka shukrani. Calvince aliona jambo hilo likitokea mbele yake, na moyo wake ukakataa kabisa.

"Ni mimi," alisema.

Nasike alimkumbatia kwa mikono yenye unga wa chapati. Alimkumbatia kwa nguvu, akawa anasema maneno ya Kibukusu ambayo Calvince hakuyaelewa, na kwa mara ya kwanza hakutaka kuambiwa maana yake. Alifumba macho. Aliazimu kumpigia Robinson tena, lori lije, ng'ombe waende, mambo yote yafungwe kabla mtu hajafungua mdomo.

Alipofumbua macho, Opiyo alikuwa mlangoni.

Alikuwa amesimama hapo muda wa kutosha. Ungeona usoni mwake kwamba alisikia swali, na alisikia jibu. Siku zote alikuwa ameridhika kulipa na kunyamaza, akingoja wivu wa kaka yake uvunje nyumba hii wenyewe. Hakuwa amejiandaa kumwona kaka huyo huyo akikumbatiwa kwa jasho lake yeye Opiyo.

Opiyo aliingia. Alivuta benchi akaketi, akaweka kofia juu ya meza. Sauti yake ilikuwa ya upole, karibu ya utani.

"Haya, ndugu yangu," alisema. "Mwambie Nasike umekuwa ukimtumia Wekesa ngapi."